Stika ya picha kwenye ukuta usio sawa: soma ukuta kabla ya kununua roli

Stika ikibanduka ukutani, usikimbilie kumpigia simu muuzaji wa roli ya stika. Igeuze kwanza uangalie mgongoni. Mgongo ukiwa msafi na gundi bado inanata kidoleni, gundi haikupata pa kushika: rangi inateleza, au ukuta ulikuwa na mafuta. Ukikuta unga mweupe, ulibandika juu ya vumbi la rangi au la puti, ule unga wa kulainishia ukuta kabla ya rangi. Ukikuta rangi imeng'oka kwa magamba, gundi ilifanya kazi yake kuliko fundi rangi alivyofanya yake. Ukikuta umajimaji au chembechembe nyeupe za chumvi, tatizo liko ndani ya tofali. Na kama katikati pameshika vizuri ila kingo zote zimerudi ndani milimita 2 au 3 na kujikunja, hapo sasa unaweza kuinyooshea kidole vinili yenyewe, yaani ile plastiki ya stika.

Naanza na mgongo kwa sababu ndiko nilikojifunzia. Niliwahi kubandika picha za wanyama kwenye darasa la chekechea, ukuta wa mita 6 kwa 2.4. Ijumaa jioni niliondoka kila kitu kimenyooka. Jumatatu asubuhi mwalimu akapiga: "Fundi, twiga wako ameinama. Njoo umwone kabla watoto hawajammaliza." Nilipofika, shingo yote ya twiga ilikuwa imemlalia kifuani, na nyuma yake limeganda tabaka la rangi ya krimu, na juu ya tabaka hilo unga wa puti laini kama poda ya mtoto. Roli niliyotumia ilikuwa ya bei, yenye gundi kali. Ukali huohuo ndio ulioing'oa rangi. Halafu mimi mwenyewe nilikuwa nimepuliza maji ya sabuni ili stika iteleze wakati wa kuipanga, kama tunavyofanya kwenye vioo. Hasara ile niliila peke yangu.

Stika imeshikwa na gundi, gundi imeshika rangi, rangi imeshika puti, puti imeshika plasta. Palipo legelege ndipo patakapoachia, na kama kinacholegea ni puti, gundi kali haikusaidii kitu.

Hatua ya 1: Nenda ukaushike ukuta

Picha ya WhatsApp haitoshi. Kwenye picha kuta zote ni nzuri. Beba kitambaa cheusi, tochi, kisu cha wembe, tepu ya kufungia maboksi, chupa ndogo ya maji na kipande cha nailoni ngumu.

Anza na kitambaa. Kisugue ukutani mara tano hivi, ukikandamiza. Kikitoka na weupe, rangi inachujuka, na hakuna stika itakayodumu hapo mpaka ukuta utengenezwe. Rangi ya maji iliyozimuliwa kupita kiasi ili ndoo moja itoshe nyumba nzima huwa hivi, na chokaa huwa hivi siku zote.

Kisha zima taa au funga pazia, uegemeze tochi ukutani ili mwanga upite ubavuni. Ukuta uliouona laini mchana utakuonyesha mawimbi ya mwiko, vipele vya rola, nyufa zilizozibwa, mchanga uliobaki kwenye brashi. Mwite mteja aone naye. Hii ni muhimu kuliko unavyodhani, maana kasoro aliyoiona kabla hujaanza ni ya ukuta wake, ila akiiona baada ya stika kukaa itakuwa ya kwako.

Dondosha tone la maji. Likizama ndani ya sekunde chache, rangi ina matundu mengi na gundi itakuwa imekaa juu ya kitu kinachovunjikavunjika. Likibaki limesimama kama maji juu ya jani la myugwa, huenda rangi ina kitu cha kuzuia uchafu. Jambo hilo lina shida yake, nitalifikia.

Halafu jaribu kama rangi yenyewe imeshika. Tafuta mahali pa kujificha, nyuma ya mlango au patakapokaa kabati. Chora kwa wembe mistari sita ya wima na sita ya mlalo, ikiachana milimita 2. Bandika tepu juu, ikandamize kwa ukucha, kisha ivute kwa nguvu mara moja. Tepu ikija na vijiraba vya rangi, umeokoa roli nzima.

Kipimo cha mwisho kinataka subira, na ndicho mafundi wengi tunachokiruka. Kata nailoni sentimita 45 kwa 45, ibandike kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, na uiache kuanzia alasiri mpaka kesho yake. Ukirudi ukakuta matone upande unaotazama ukuta, au ukuta chini ya nailoni umekuwa mweusi kuliko pembeni, unyevu unatoka ndani. Weka nailoni moja chini, karibu sentimita 30 kutoka sakafuni, na nyingine usawa wa kifua, kwa sababu maji ya msingi hupanda kutoka chini na mara nyingi hayafiki juu. Nyumba za pwani zilizojengwa kwa mchanga wenye chumvi ni mtihani zaidi: chumvi hutoka na maji, maji yakikauka, chumvi hubaki juu na kuisukuma rangi. Ukiona rangi imefura kama lengelenge lililokauka, ipasue kwa ukucha uangalie kilicho ndani.

Na upande wa pili wa ukuta kuna nini? Bafu, tangi, bomba la kiyoyozi? Zunguka ukaone.

Hatua ya 2: Mtafute fundi rangi

Maswali ni matatu tu: ni rangi gani, ilipakwa lini, na chini yake kuna nini.

Rangi ya silki au ya nusu mng'ao ndiyo rafiki wa stika. Ina gundi yake ya kutosha na uso umefunga. Rangi ya mafuta iliyokauka nayo inashika vizuri, ila kwenye migahawa na jikoni huwa imevaa moshi na mafuta ambayo macho hayaoni. Rangi ya maji isiyong'aa ndiyo iliyojaa majumbani na mashuleni. Hiyo ina unga mwingi na gundi kidogo, kwa hiyo inang'oka kirahisi. Chokaa tupu usiibandike kabisa.

Inayowashangaza watu ni ile rangi ya bei inayofutika, ambayo mtoto akichora kwa kalamu unapitisha kitambaa na alama inaondoka. Mteja amelipia rangi ambayo uchafu haushiki. Kwa rangi hiyo stika nayo ni uchafu tu. Ukuta ni safi, laini, mgumu, na bado baada ya wiki pembe zinaanza kuinuka. Ukiambiwa ni rangi ya namna hiyo, hapo ndipo gundi kali inapokuwa na kazi ya kweli.

Kuhusu lini: rangi ikikauka mkononi haijamaliza. Bado inatoa maji na kemikali kwa wiki kadhaa, na ukiifunika kwa plastiki vitu hivyo vitatafuta pa kutokea na kukuwekea malengelenge. Mimi nasubiri wiki 4. Wakati wa masika, mwezi Machi hadi Mei, naongeza. Wateja wanaofungua fremu wiki hii hawapendi kusikia hivyo, na utaona mwenyewe watakavyokuhakikishia kwamba rangi "imeshakauka kabisa, gusa uone".

Ukuta ukishindwa vipimo vya kitambaa au tepu, kuna njia: kwangua kinacholegea, piga msasa, futa vumbi lote, paka prima ya kufunga ukuta, kisha silki mikono miwili, na subiri upya. Ni gharama, na iandike kwenye makadirio tangu mwanzo. Prima haitibu unyevu, lakini. Huo unatibiwa unakotoka.

Hatua ya 3: Chagua vinili, na hapa nitazungumzia chapati

Kuna chapati ya kusukuma na kuna chapati ya maji. Ile ya kusukuma, unga ukiwa haujapumzika, ukiitandaza inajirudi; unasukuma, inarudi, kwa sababu umeulazimisha unga. Ya maji unaimimina kikaangoni, inatambaa yenyewe inapotaka, ikishaganda haina pa kurudi.

Vinili nazo ni hivyo. Nyingi hutengenezwa kwa kupitishwa moto katikati ya marola makubwa mpaka zinakuwa nyembamba. Zimelazimishwa, na zikipata joto zinakumbuka. Za daraja la chini, mafundi huziita monomeriki, zina kilainishi ambacho hutoka taratibu ndani ya plastiki. Kikitoka, plastiki inakakamaa na kusinyaa, ndiyo zile kingo zilizorudi ndani milimita 3. Zinazofuata ni polimeriki: zimesukumwa vilevile, lakini kilainishi chake kinakaa muda mrefu na kusinyaa ni kudogo. Juu kabisa ni kasti, ambayo humiminwa ikiwa majimaji na kukaushwa. Hiyo haina cha kukumbuka.

Unene: karatasi ya kawaida ya ofisi ni karibu maikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Monomeriki na polimeriki nyingi ziko kati ya maikroni 75 na 100. Kasti ni karibu 50, nusu ya karatasi hiyo. Zipo pia za ukutani zilizofanywa nene makusudi, maikroni 150.

Watu wengi hukosea hapa, nami nilikosea miaka. Ukuta ukiwa mbaya, akili inakwambia ununue nene ili ifunike. Ni kweli kwa ubaya mdogo: matundu ya sindano, mikwaruzo ya msasa, vipele vidogo vya rola. Nene yenye uso wa mati, yaani usiong'aa, huvipitia juu na jicho halivioni. Lakini ukuta ukiwa na mabonde halisi, mfano tofali lisilopigwa plasta au rangi ya kurushia yenye chenga, plastiki nene inakaa juu ya vilele tu. Pale chini hakuna mguso. Umebandika labda robo ya eneo unalodhani umebandika, na hewa iliyofungiwa kwenye mabonde ikipata joto inatanuka na kusukuma. Huko inatakiwa nyembamba, kasti, ilainishwe kwa moto mpaka iingie kila tundu na kukaa kama rangi. Ikifanywa vizuri, mtu anagusa kuhakikisha kama ni stika au imepakwa.

Katikati ya hali hizo mbili kuna ukuta wa vipele vya wastani, ule wa rola nene iliyopakwa rangi nzito. Huo sina jibu rahisi kwake zaidi ya msasa. Nusu siku ya msasa inashinda roli yoyote.

Mati au yenye kung'aa? Kwa ukuta wenye kasoro, mati. Inayong'aa hufanya kazi ya ile tochi yako, inaonyesha kila kipele kwa kila anayepita. Mteja aking'ang'ania mng'ao, mbandikie kipande kidogo ukutani kwake, taa zikiwa zimewashwa, mwache aamue.

Angalia pia rangi ya gundi. Ukuta wenye maandishi ya zamani, viraka vya rangi mbili au mstari wa bluu wa shule utaonekana kwa mbali kupitia vinili nyeupe ya kawaida, hasa kwenye sehemu za picha zenye mwanga kama anga au ngozi. Zipo roli zenye gundi ya kijivu zinazoziba kabisa. Ni nafuu kuliko kupaka rangi upya.

Usisahau kwamba ipo pia stika ya kitambaa. Siyo vinili; ni polista iliyofumwa, ina gundi nyepesi, haisinyai, unaibandua na kuirudisha ukikosea, na ufumaji wake unaficha kasoro ndogo kuliko plastiki yoyote. Kwa vyumba vya watoto, ofisi na nyumba za kupanga naipenda. Nje usiipeleke, na kwenye ukuta unaofutwa kila siku usiipeleke.

Hatua ya 4: Gundi

Ya kubanduka, ya kudumu, na kali. Ndizo tatu utakazozikuta, majina ya kampuni yakibadilika.

Ya kubanduka ina maana itatoka bila kuacha uchafu ndani ya muda uliotajwa kwenye karatasi ya maelezo, si milele. Baada ya miaka kadhaa nayo huwa imezama. Na haina maana kwamba rangi dhaifu haitang'oka. Nayo inaweza kuing'oa.

Gundi kali ni ya rangi zile zinazofutika na kuta zenye mabonde, mradi rangi yenyewe imeshika. Ukuta wa tepu iliyokuja na vijiraba, ukiuwekea gundi kali, unafanya nilichomfanyia twiga.

Muuzaji atakusifia pia roli zenye vijifereji kwenye gundi vya kupitishia hewa. Kwenye gari, kioo au ukuta laini kama sahani ni neema kubwa. Kwenye ukuta wa vipele zinakupunguzia mguso ambao tayari ni haba; nunua ya gundi iliyojaa.

Herufi za kukatwa kwa plota, mashine ya kukatia stika, nazo zina somo lilelile: vinili ya Oracal 651 iliyozoeleka kwa mabango ni ya kung'aa na ya kudumu, wakati 638 imetengenezwa kwa ajili ya kuta za ndani, ni mati na hubanduka. Wengi wanatumia 651 ukutani kwa sababu ndiyo iliyopo dukani.

Hatua ya 5: Bandika kipande cha jaribio

Ukishapunguza mpaka roli mbili au tatu, kata kwa kila moja ukanda wa upana wa sentimita 2.5 na urefu wa 20. Zibandike sambamba ukutani penyewe, ukiacha kila moja imekunjwa sentimita 3 mwishoni ili pawe na pa kushikia. Rudi baada ya saa 24 kwa uchache. Gundi huendelea kujijenga kwa siku mbili tatu, kwa hiyo ukivuta baada ya dakika 10 utajidanganya pande zote.

Mimi natoboa ule mkunjo na kuupachika kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, halafu navuta polepole kurudi nyuma nikisoma sindano. Namba yenyewe haina maana kubwa. Maana iko kwenye kulinganisha kanda zilizo ukuta mmoja. Ukanda unaovutika kwa uzito sawa toka mwanzo hadi mwisho ni mzuri. Unaoruka, ukashika hapa na kuachia pale, unakwambia ukuta una viraka vya aina mbili. Na geuza mgongo, uusome kama tulivyoanza.

Acha ukanda mmoja bila kuuvuta. Andika tarehe na jina la roli juu yake kwa kalamu.

Hatua ya 6: Kuprinti

Kwa wino wa solventi, yaani wenye kemikali ya kuyeyushia, hata ule uitwao eko, picha ikitoka mashinani imebeba kemikali zinazolegeza gundi. Iache ipumue saa 24, na kama imejaa rangi nyeusi au nyekundu nzito, 48. Ipumue ikiwa imetandazwa au imekunjwa kwa kulegea na kusimamishwa wima; roli iliyokazwa haipumui hata ikikaa wiki. Wino wa lateksi, ulio wa maji, hauna ngoja hiyo. Wino wa yuvi, unaokaushwa kwa taa, unapasuka ukivutwa, kwa hiyo kwenye tofali la mabonde uukwepe.

Laminesheni ya mati, ile plastiki ya kinga inayofunika picha, iweke panapofika mikono. Ila ukishachagua kasti kwa ajili ya mabonde, usiifunike kwa laminesheni nene ya kusukumwa, utakuwa umeirudisha kuwa chapati ya kusukuma.

Ongeza sentimita 5 kila upande wa picha. Hakuna ukuta uliowahi kunyooka.

Hatua ya 7: Siku ya kubandika

Futa vumbi kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha kitambaa chenye spiriti kidogo, ukijaribu pembeni uone kama rangi haiyeyuki. Sabuni huacha utando, achana nayo. Ukuta ukauke kabisa.

Bandika pakavu. Nimeshasema, narudia: maji ya sabuni ni ya vioo. Ukutani yanaingia kwenye rangi, yanakaa kati ya gundi na ukuta, na hayana pa kutokea.

Joto la ukuta liwe zaidi ya nyuzi 10, na juu ya 15 ni raha zaidi. Pwani hutaliwazia hilo, ila anayefanya kazi Njombe asubuhi ya Juni au Julai asubiri jua lipande. Zima feni na kiyoyozi. Feni inakukunjia stika gundi kwa gundi.

Chora mstari wa wima kwa timazi au leza, anza na kipande cha kwanza hapo, si kwenye kona. Kona inadanganya. Menya karatasi ya nyuma sentimita 20 za juu tu, bandika, kandamiza kutoka katikati kwenda pembeni, kisha endelea kumenya ukishuka. Ukimenya yote kwa pamoja, na upo peke yako, Mungu akusaidie. Vipande vipandane sentimita 1 hadi 2. Usikate kwa wembe juu ya mpandano kama mafundi wa makapeti, kwa sababu utakata na rangi ya ukuta, na papo hapo ndipo patakapoanza kufumuka.

Kwenye kona ya ndani, kata stika na uanze upya upande wa pili. Ukiikunja ikapita, baada ya muda itajivuta na kuwa kama hema. Karibu na soketi, zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kifuniko, bandika, rudisha.

Kwa tofali na mabonde, hapa ndipo mashine ya hewa ya moto inapoingia, ile iliyo kama draya ya saluni lakini kali zaidi. Bandika kwanza kwa wepesi juu ya vilele. Kisha mkono mmoja upashe moto eneo la kiganja, mkono mwingine ufuate papo hapo na rola ya sponji ngumu. Utaona plastiki inang'aa kidogo, inalegea, inanywea ndani ya tundu. Hapo ndipo pa kuikandamiza, wakati bado moto, na uishikilie mpaka ipoe. Ukichelewa sekunde chache imesharudi juu. Ukiuzidisha moto inatoboka. Mita moja ya mraba ya tofali inaweza kula muda wa mita tano za ukuta laini, na bei yako iseme hivyo.

Ukimaliza, pita kingo zote kwa moto kidogo na kandamiza tena. Zikate milimita 2 kabla ya dari na kabla ya ubao wa chini ya ukuta, zisipande juu yake.

Kuta za kuziacha

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hunywa maji na kuyatoa kupitia uso wake. Ndivyo zilivyokaa miaka yote hiyo. Ukiufunga uso kwa plastiki, unyevu unakwama, chokaa inalegea, na stika itashuka na kipande cha ukuta wa watu. Tena Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake ya uhifadhi, kwa hiyo hata kutoboa si jambo la kuamua wewe na mpangaji. Mwenye hoteli akitaka picha, iprinti kwenye foreksi, ubao mwepesi wa plastiki, wa milimita 5 na uutundike, ukiacha upenyo nyuma ili ukuta upumue.

Foreksi ndiyo jibu pia kwa ukuta unaotoa chumvi, ukuta wa bafu la jirani, na fremu ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki ukuta wake uguswe.

Yule twiga nilimrudishia likizo ndefu. Tulikwangua ukuta wote mpaka plasta, prima, silki mikono miwili, na funguo za darasa nikamwachia mwalimu kwa wiki 5. Nikabandika kitambaa cha polista chenye gundi nyepesi, pakavu. Ukanda wa jaribio bado upo nyuma ya mlango na tarehe yake. Watoto wameumenya sentimita 2 kwa kucha, na rangi chini yake ipo palepale.